Tunda la Mpungate: Chakula, Si Dawa

 

Leo nataka tuzungumzie tunda ambalo wengi wenu mnalipita kila siku bila kuligusa. Hamligusi kwa sababu lina miiba, na mmea wake umepandwa uzio, haukupandwa bustani. Nazungumzia mpungate. Unaujua? Ule mmea wa nchi kavu wenye mashina mapana, bapa, ya kijani, moja limeota juu ya jingine. Wengine huuita dungusi, na vijana siku hizi husema kaktasi tu. Ukingoni mwa yale mashina hutoka maua ya manjano, na ua likisinyaa linabaki tunda dogo la mviringo mrefu. Kwanza huwa la kijani. Likiiva, kutegemea aina yake, huwa la manjano, la rangi ya chungwa, jekundu, au zambarau iliyokolea kabisa. Hilo ndilo pungate. Na ni hilo tunaloliweka mezani leo.

Kwa nini leo? Kwa sababu mmetuuliza, na mmetuuliza sana. Mnasema mmeona kwenye simu zenu unga wa kaktasi, mafuta ya kaktasi, juisi ya kaktasi, kila kimoja kikitangazwa kuwa kinaponya kisukari, kinashusha presha, kinazuia saratani na kusafisha damu. Mnauliza: Je, ni kweli?

Nitawapa jibu langu mapema, ili hata atakayelazimika kutoka sasa hivi kwenda kufungulia mbuzi aondoke nalo. Pungate ni tunda zuri. Lina kitu ambacho matunda mengi tunayoyajua hayana, na ningependa tulile zaidi ya tunavyolila. Lakini ni chakula, si dawa. Anayekuuzia kama dawa anakuuzia asichokuwa nacho.

Haya, tuanze na asili yake. Mpungate si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Marekani, bara lile, na hasa Meksiko, ambako watu wameula kwa maelfu ya miaka na wanaula hadi leo. Wao hula shina na tunda pia. Shina changa hutolewa miiba, likakatwakatwa na kupikwa kama mboga, nalo huitwa nopal. Tunda huitwa tuna. Hata bendera ya Meksiko ina picha ya tai aliyetua juu ya mpungate. Baada ya Wahispania kufika huko, mmea ukapanda meli, ukavuka bahari, ukashika ardhi kavu kila ulipofika: Sicily, Morocco, Tunisia, Afrika Kusini. Na hapa jirani, Eritrea na Tigray, huitwa beles. Huko beles huiva katika miezi ya mvua, wakati ghala zimekwisha na mavuno mapya bado yako shambani. Familia maskini hulila, na watoto hubeba ndoo zake barabarani kuwauzia wasafiri. Kwa hiyo tunda hili si mtindo mpya wa mjini. Limewavusha watu njaa.

Sasa nataka tuingie kwenye rangi. Naomba mnivumilie hapa, kwa maana utamu wa jambo lenyewe uko kwenye rangi.

Chukua matunda unayoyajua yenye wekundu au uzambarau: zabibu nyeusi, zambarau, forosadi. Rangi ya hayo inatokana na familia ya kemikali iitwayo anthosiani. Maua mengi mekundu na ya buluu nayo ni hivyo hivyo. Ungedhani na wekundu wa pungate ni huo huo. Sio. Wekundu wa pungate unatoka kwenye familia nyingine kabisa, iitwayo betaleni. Nirudie: betaleni. Ni mimea michache duniani yenye betaleni, na mmea wenye betaleni hauna anthosiani. Haviishi pamoja. Mimi kila nikilifikiria jambo hili nashangaa upya, kwamba mimea imepata njia mbili tofauti za kuwa myekundu, na mmea ukichukua hii, ile hauigusi.

Je, kuna betaleni nyingine tunazozijua? Zipo. Bitiruti, ile inayotia vidole rangi unapoimenya, rangi yake ni betaleni. Mchicha mwekundu, ule ukiuchemsha maji yanageuka rangi, ni betaleni. Hata maua ya bogonvilia yanayotambaa kwenye kuta za mjini. Na lile tunda la bei ghali linaloitwa pitaya, ambalo wauzaji hulitangaza kama tunda la dragoni, nalo ni tunda la kaktasi. Likiwa na nyama nyekundu ndani, wekundu ule ni betaleni. Kwa hiyo mtu anatoa pesa nyingi dukani kununua rangi ambayo pengine iko kwenye uzio wa jirani yake.

Betaleni ziko za namna mbili. Ziko nyekundu na zambarau, na mashuhuri kati ya hizo ni betanini. Ziko za manjano na chungwa, na ya pungate huitwa indikazanthini. Msihangaike na majina. Kumbukeni tu kwamba kuna nyekundu na kuna manjano, kwa sababu tutarudi hapo.

Sasa, rangi hizi zina faida gani mwilini? Hapa ndipo tunapokutana na lile neno linalopigiwa debe kila mahali: antioksidanti. Ni kitu gani?

Kata parachichi, uliache mezani. Baada ya muda litakuwaje? Litageuka kahawia. Limekutana na hewa, na oksijeni iliyomo hewani imebadilisha kemikali za tunda. Sasa kata jingine, ulikamulie ndimu. Litakaa na ukijani wake kwa muda mrefu zaidi. Ndimu imelikinga. Na ndani ya miili yetu oksijeni hufanya kazi kila sekunde. Bila hiyo hatuishi. Lakini katika kazi hiyo huzaliwa chembe kali zinazoitwa radikali huru. Hizi hushambulia mafuta ya kuta za seli, hushambulia protini, hushambulia hata chembe za urithi. Moshi wa sigara huziongeza, na hewa chafu pia. Mwili una ulinzi wake wenyewe, wala haukungoja sisi tuugundue. Lakini chakula kinaweza kuusaidia ulinzi huo. Kitu kinachozuia au kupunguza uharibifu huo wa oksijeni ndicho antioksidanti. Vitamini C ni mojawapo. Vitamini E pia. Na betaleni nazo, zikipimwa maabara, zinaonyesha nguvu hiyo.

Lakini subirini. Maabara ni chupa, na mwili si chupa. Kitu kinaweza kung'ara kwenye chupa, kikaliwa na mtu, kikavunjwavunjwa tumboni, kisifike popote. Kwa hiyo swali la haki ni hili: mtu akila mapungate, kuna kinachobadilika katika damu yake?

Swali hilo liliulizwa Sicily, kisiwa cha Italia, kwa watu wanaolima mapungate kwa wingi na kuyapenda kama sisi tunavyopenda maembe. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Palermo, wakiwamo Luisa Tesoriere na Maria Livrea, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 18 wenye afya njema. Kundi moja lilikula mapungate, gramu 250 asubuhi na gramu 250 jioni, kwa wiki mbili. Kundi la pili halikula mapungate, lilipewa vitamini C peke yake, kiasi kinacholingana na kilichomo kwenye tunda. Kisha wakapumzishwa wiki kadhaa, makundi yakabadilishana. Mmeuona ujanja wake? Kila mtu alipimwa dhidi ya nafsi yake. Aliyekula tunda leo, kesho anapewa vitamini.

Wakapata nini? Vitamini C na E katika damu zilipanda kwa wote, waliokula tunda na waliopewa vitamini. Hilo si ajabu. Ila zile alama zinazoonyesha kwamba mafuta mwilini yameharibiwa na oksijeni zilishuka waziwazi kwa waliokula mapungate. Kwa waliopewa vitamini C peke yake, hazikushuka kwa kiasi cha kuhesabika. Maana yake tunda lilikuwa na kitu cha ziada, kitu kisichokuwa vitamini C. Na watafiti wakaziangalia betaleni.

Mwaka huo huo watafiti hao hao wakafuatilia rangi yenyewe. Walizikuta betaleni ndani ya damu, zikifikia kilele baada ya saa 3 hivi tangu mtu ale. Walizikuta hata kwenye zile chembe zinazobeba kolesteroli ile iitwayo mbaya. Na hapa ndipo manjano na nyekundu zinapotengana. Ile ya manjano, indikazanthini, iliingia mwilini kwa wingi zaidi kuliko nyekundu. Nyekundu nyingi ilipotelea tumboni. Kwa hiyo ukiona pungate la manjano sokoni usilidharau kwa kuwa halijakolea. Huenda ndilo linalofika mbali.

Mimi jaribio hilo la Palermo nalipenda. Lilifanywa kwa watu, lilifanywa kwa tunda zima, na lilikuwa na ulinganisho. Lakini nalipenda kwa kiasi chake. Watu 18. Wiki mbili. Nusu kilo ya tunda lililomenywa kila siku, jambo ambalo si wengi wetu tutalifanya. Na kilichopimwa ni alama katika damu, hakikupimwa nani aliugua na nani hakuugua. Kutoka hapo hadi kusema pungate linaponya saratani ni safari ambayo hakuna aliyeifikisha mwisho. Mwenye kukuambia amefika, muulize amepita njia gani.

Na nina sababu nyingine ya kusisitiza. Mwaka 1994 Wafini walitangaza matokeo ya jaribio kubwa la wanaume zaidi ya 29,000 wavutaji sigara. Baadhi yao walipewa vidonge vya betakarotini, ile rangi ya karoti, ambayo nayo ni antioksidanti. Watu walitarajia saratani ya mapafu ipungue. Haikupungua. Iliongezeka kwa waliomeza vidonge hivyo. Karoti haina kosa hapo, endeleeni kula karoti. Lakini kitu kikitolewa ndani ya tunda, kikakolezwa na kutiwa kwenye kidonge, huwezi kukisia kitafanya nini kwa miaka. Ndiyo maana nawaambia tunda, siwaambii unga. Pungate ni chakula, si dawa.

Tuendelee. Mbali na rangi, pungate lina nini? Sehemu kubwa ni maji, na ndiyo raha yake wakati wa jua kali. Lina nyuzinyuzi za kutosha, lina magnesiamu kwa kiasi kizuri kuliko matunda mengi, na sukari yake si nyingi. Vitamini C ipo, ila tusidanganyane: pera linalishinda mara kadhaa. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, na pungate halifiki hata 50. Ukitaka vitamini C, mti wa mpera uko hapo. Pungate lile kwa ajili ya rangi yake, maji yake na ladha yake.

Sasa nije kwa wenye kisukari, maana nyinyi ndio mnaolengwa zaidi na matangazo haya. Nisikilizeni vizuri. Habari nyingi zinazosemwa juu ya kaktasi na sukari ya damu zinatokana na majaribio yaliyofanyika Meksiko, na majaribio hayo yalitumia shina, ile nopal, wala si tunda. Wagonjwa walipokula shina la kuchoma au la kupika pamoja na mlo, sukari yao baada ya kula haikupanda sana kama kawaida. Shina limejaa nyuzinyuzi na ute unaochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Muuzaji anachukua sifa ya shina, anaibandika kwenye chupa ya juisi ya tunda, tena pengine ameitia sukari. Mama yangu, baba yangu, usikubali. Na kama unatumia dawa za kisukari na unataka kuanza kula shina mara kwa mara, mwambie daktari wako kwanza, kwa sababu viwili hivyo pamoja vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Na kwa hali yoyote, dawa zako usiziache.

Haya, sasa tule. Pungate linaliwaje bila kuumia?

Adui mkubwa hapa si ile miiba mirefu unayoiona. Adui ni vijinywele vidogo vyenye ncha, vimekaa mafungu mafungu juu ya ganda, na vingine huvioni kwa macho. Vikiingia kwenye kidole vinawasha siku nzima. Vikiingia mdomoni au jichoni ni balaa. Kwa hiyo usichume kwa mkono mtupu. Tumia koleo au glavu nene. Yamwage matunda juu ya mchanga au nyasi, uyaviringishe kwa ufagio hadi vijinywele vitoke, kisha uyaoshe kwa maji mengi. Wengine huyapitisha juu ya moto kidogo, vijinywele vikaungua. Halafu shika tunda kwa uma, kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu, likunjue pande zote. Nyama inatoka nzima, safi, haijagusana na vijinywele vya ganda. Na kama kijinywele kimekuingia kwenye ngozi, usikisugue. Tumia kibano, na vilivyobaki vipake gundi nyeupe ya shule, isubiri ikauke, uibandue.

Ndani utakuta mbegu nyingi ngumu. Chache zikimezwa si tatizo. Ila mtu akila mapungate mengi kwa mkupuo, mbegu zinaweza kukusanyika zikawa donge la kuziba utumbo mpana. Madaktari katika nchi zinazokula mapungate kwa wingi wameshaandika habari za wagonjwa wa aina hiyo, wakiwamo watoto. Kwa hiyo mtoto mpe moja au mawili, na kama ni mdogo, saga uchuje. Na jambo moja la kukutoa hofu: ukila mapungate mekundu mengi, huenda ukaona mkojo umegeuka rangi ya waridi. Ni rangi ile ile ya tunda, kama inavyotokea kwa bitiruti. Itapita. Ikiendelea wakati hujala chochote chekundu, hapo nenda hospitali.

Akina mama mnaotengeneza juisi na jemu, hili ni lenu. Betaleni haipendi moto wa muda mrefu, wala haipendi mwanga. Ukiona juisi iliyokuwa zambarau imegeuka kahawia, jua ile rangi uliyokuwa ukiitafuta imeondoka. Kwa hiyo ipashe moto kwa muda mfupi, poza haraka, tia ndimu kidogo, hifadhi mahali pa baridi pasipo na jua. Jemu ni tamu na inauzika, siikatai, lakini ina sukari nyingi na imekaa motoni. Uza kama jemu. Usiiuze kama dawa.

Nimeacha mwisho jambo kubwa kuliko yote, la wenzetu wa Laikipia na Tsavo, Kenya. Huko aina moja ya mpungate, *Opuntia stricta*, imeacha kuwa uzio, imekuwa msitu. Imemeza malisho. Ng'ombe na mbuzi wanakula matunda yake na vijinywele vyake, vinawachoma ufizi na ulimi hadi tumbo, wengine wanapofuka. Tembo na nyani wanalipenda tunda hilo, wanabeba mbegu tumboni na kuzipanda kila wanapopita. Miaka ya 2010 aliletwa Laikipia mdudu mdogo, kochinili, anayenyonya mpungate hadi ukauke, na amesaidia mahali alipofika. Jamaa yake huko Morocco ndiye aliyewaliza wakulima kwa kumaliza mashamba yao ya mapungate tangu mwaka 2014. Kwao msiba, kwetu msaada.

Na cha kushangaza, watafiti wa Hispania walipopima rangi ya mapungate ya aina kadhaa, *Opuntia stricta* ndiyo iliyoongoza kwa betanini, ile nyekundu. Gugu linalowaumiza wafugaji ndilo lenye rangi tele kuliko wenzake. Vikundi vya akina mama Laikipia vimeanza kuchuma matunda hayo na kuyageuza juisi na jemu, na mimi nawapa heko. Kila tunda linaloingia kwenye sufuria ni tunda ambalo tembo hatalipanda.

Ila nawaomba jambo moja. Msiupande. Hata bei ikipanda kesho, msiuhamishe mmea huo kuupeleka pahali ambapo haupo, hata kipande cha shina, maana kipande kikianguka chini kinaota. Chumeni uliopo, upo wa kutosha kwa miaka mingi. Na mbegu mnazochuja msizimwage nyuma ya nyumba wala kwenye lundo la mbolea. Zichomeni moto, au zichemsheni kabla ya kuzitupa.

Maswali yenu kuhusu shina la nopal na jinsi ya kulipika nimeyaona, na nimeyawekea nafasi yake katika kipindi kijacho.